Kustaafu na Kurithisha Biashara Ndogo

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika mada hii kwa sababu moja: wanachanganya kurithi mali na kurithi biashara. Mtu anaweza kurithi duka lililojaa mzigo, na baada ya mwaka mmoja akabaki na rafu tupu. Alichorithi kilikuwa mali. Biashara yenyewe, yaani wateja, wasambazaji, uaminifu na ujuzi wa kuiendesha, ilizikwa pamoja na mwenye duka.

Unaposoma mada hii, weka akilini duka, karakana, mgahawa au mashine ya kusaga unayoijua. Huenda ndiyo inayolisha nyumba yenu na kukununulia sare na madaftari. Jiulize: mwenyewe akiugua leo na kulazwa miezi mitatu, nani atafungua mlango kesho asubuhi, na atajua nini?

1. Maana ya dhana muhimu

(a) Kustaafu ni kuacha kazi ya kila siku kwa sababu ya umri au afya. Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mfanyabiashara hana tarehe hiyo. Hakuna mwajiri wa kumwandikia barua, kwa hiyo asipojipangia mwenyewe, ugonjwa au kifo ndicho kitakachompangia.

(b) Kurithisha uongozi ni kumkabidhi mtu mwingine madaraka ya kuendesha biashara: kununua, kupanga bei, kukopesha, kuajiri na kulipa kodi.

(c) Kurithisha umiliki ni kuhamisha haki ya mali na faida ya biashara, iwe kwa kuuza, kutoa zawadi ukiwa hai, au kwa njia ya mirathi.

(d) Mirathi ni utaratibu wa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi.

Zingatia: mambo haya yanaweza kutokea kwa nyakati tofauti na kwa watu tofauti. Mama anaweza kustaafu leo, akamkabidhi binti yake uongozi, na bado akabaki mmiliki hadi mwisho wa maisha yake. Mtahiniwa anayeonyesha tofauti hii mapema katika jibu lake amejenga msingi mzuri wa hoja zote zinazofuata.

2. Sababu za wafanyabiashara wazee kuchelewa kupanga

(i) Hofu ya kifo. Katika familia nyingi, mtoto akiuliza habari ya wosia huonekana anamchuria mzazi. Mzazi naye huona kwamba kuandika wosia ni kujiita kaburini.

(ii) Kukosa kipato cha uzeeni. Mzee haachi duka kwa sababu duka ndilo pensheni yake. Akimkabidhi mtoto, anahofia ataomba hela ya dawa kama mgeni.

(iii) Kutoaminiana. Wapo waliowaachia vijana duka wiki moja wakarudi na kukuta mauzo hayaonekani. Wengine hawajawahi kujaribu, bali wamesikia ya jirani.

(iv) Watoto kuchagua njia nyingine. Mzazi huuza nyanya au mbao ili mtoto asome. Mtoto akishapata kazi mjini, harudi kuuza nyanya. Elimu iliyolipiwa na biashara ndiyo iliyoiondolea mrithi.

(v) Kukosa kumbukumbu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara ambayo bei, madeni na mahali pa kununulia mzigo viko kichwani mwa mtu mmoja haiwezi kukabidhiwa, kwa kuwa hakuna cha kukabidhi.

3. Aina ya umiliki na hatima ya biashara

Swali la mwenye biashara kuondoka hujibiwa kwa kutazama kwanza aina ya umiliki.

Biashara ya mtu mmoja. Sheria haitenganishi biashara na mwenyewe. Mali ya duka ni mali yake, na madeni ya duka ni madeni yake. Hata jina la biashara likiwa limesajiliwa BRELA, usajili huo hauifanyi biashara kuwa mtu wa kisheria. Namba ya mlipakodi inayotolewa na TRA ni ya mhusika, na mtoto anayeendeleza duka anapaswa kutumia namba yake mwenyewe. Mwenye duka akifariki, akaunti yake ya benki haiwezi kuguswa na yeyote mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Wakati huo kodi ya fremu inaendelea kudaiwa na bidhaa zinaharibika.

Ubia. Kifo cha mbia mmoja kwa kawaida huvunja ubia, isipokuwa kama wabia walikubaliana vinginevyo. Ndiyo maana mkataba mzuri wa ubia hueleza mapema jinsi fungu la mbia aliyefariki au kustaafu litakavyothaminiwa na kulipwa.

Kampuni. Kampuni ni mtu wa kisheria aliye tofauti na wenye hisa. Mwenye hisa akifariki, hisa zake huingia katika mirathi lakini kampuni huendelea kuishi. Hata hivyo, usiandike kwamba kampuni hutatua kila kitu. Kampuni ya familia ambayo mzee peke yake ndiye anayejua wateja na wasambazaji inaweza kubaki hai kwenye karatasi huku milango imefungwa.

4. Njia za kutoka katika biashara

Mfanyabiashara anayezeeka ana njia kuu nne. Hakuna njia iliyo bora kwa wote.

(a) Kumkabidhi mwanafamilia. Faida yake ni kwamba jina na wateja hubaki, na mzee anaweza kuendelea kushauri. Hasara yake ni ugomvi wa ndugu, hasa pale mtoto aliyesota dukani miaka kumi anapopewa sawa na asiyewahi kukanyaga dukani. Kosa lingine ni kumchagua mtoto wa kwanza wa kiume kwa sababu ya nafasi yake ya kuzaliwa, wakati binti ndiye anayejua kazi.

(b) Kumkabidhi au kumuuzia mfanyakazi. Kijana aliyeanza kwa kubeba mizigo mara nyingi huijua biashara kuliko watoto wa mwenyewe. Tatizo lake ni mtaji. Suluhisho ni kumruhusu alipe kidogo kidogo kutokana na faida, kwa mkataba wa maandishi wenye mashahidi.

(c) Kumuuzia mtu wa nje. Hapa muuzaji hulipwa thamani ya bidhaa na vifaa, na pengine kilemba, yaani fedha inayolipwa kwa ajili ya eneo zuri na wateja waliokwisha kuzoea mahali hapo. Muuzaji asiyekuwa na daftari la mauzo hupata bei ndogo, kwa sababu mnunuzi hawezi kuthibitisha faida.

(d) Kufunga kwa utaratibu. Mzee huuza mzigo uliopo, hukusanya madeni, hulipa anaodaiwa, huwapa wafanyakazi stahiki zao na kuijulisha TRA kwamba biashara imefungwa. Njia hii huonekana kama kushindwa, lakini ni bora kuliko duka kufa lenyewe na kuwaachia watoto madeni.

5. Hatua za kupanga urithishaji

Kupanga urithishaji ni safari ya miaka, hakumaliziki kwa kikao kimoja. Hatua zake ni hizi:

Hatua ya kwanza ni kuweka kumbukumbu. Mfanyabiashara aandike mauzo na matumizi ya kila siku, orodha ya wadaiwa na wadai, majina ya wasambazaji na masharti ya kila mmoja. Mali kauli, yaani mzigo aliochukua kwa ahadi ya kulipa akishauza, iandikwe kwa tarehe na kiasi. Deni la namna hii hutegemea neno la mdomo, na mwenye neno akifariki, ubishi huanza.

Hatua ya pili ni kutenganisha fedha za nyumbani na za biashara. Mwenye biashara ajilipe kiasi maalumu kwa mwezi. Bila hivyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama duka linapata faida.

Hatua ya tatu ni kujiwekea akiba ya uzeeni nje ya biashara. Mfuko wa NSSF hupokea pia michango ya watu waliojiajiri. Kwa utaratibu wa kawaida, pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi isiyopungua 180, sawa na miaka 15. Fanya hesabu: anayetaka pensheni akiwa na miaka 60 anapaswa kuanza kuchangia kabla ya kuvuka miaka 45. Anayeanza akiwa na miaka 58 amechelewa. Mzee mwenye kipato kingine hukabidhi duka bila hofu, kwa hiyo hatua hii hutibu moja kwa moja sababu ya pili tuliyoitaja katika sehemu ya 2.

Hatua ya nne ni kumchagua mrithi kwa vigezo. Vigezo hivyo ni nia yake, uwezo wake, uaminifu wake na anavyokubalika kwa wateja na wafanyakazi. Kumlazimisha asiyetaka ni kuahirisha kufunga duka.

Hatua ya tano ni kumfundisha na kumwachia madaraka hatua kwa hatua. Aanze na mauzo, kisha manunuzi, kisha fedha. Atambulishwe kwa wasambazaji ili waanze kumwamini yeye. Mzee aondoke mwezi mzima, kwa mfano kwenda kijijini, aone kama duka litasimama. Makosa yanayotokea mzee akiwa hai hurekebishika.

Hatua ya sita ni kuandika makubaliano na wosia, na kuwaeleza wanafamilia wote. Siri hapa ni hatari. Mtoto anayesikia mgawanyo kwa mara ya kwanza msibani huamini amedhulumiwa, hata kama mgawanyo ni wa haki.

6. Wosia na sheria za mirathi

Tanzania Bara hutumia mifumo zaidi ya mmoja ya sheria katika mirathi: sheria za mila, sheria ya Kiislamu na sheria ya serikali. Mtahiniwa hatakiwi kuwa wakili, ila anatakiwa kujua mambo machache:

(i) Kwa sheria za mila zilizotamkwa mwaka 1963, wosia wa mdomo hushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi ni salama zaidi kwa sababu haupotoki kwa kusimuliwa.

(ii) Kwa sheria ya Kiislamu, mtu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, na mrithi hausiwi zaidi ya fungu lake bila warithi wengine kuridhia. Kwa hiyo baba Mwislamu anayetaka mtoto mmoja apewe duka lote anapaswa kutafuta njia halali akiwa hai, kama vile kumuuzia au kufanya naye ubia.

(iii) Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa wakili, au mahali pengine pa kuaminika.

(iv) Pasipo wosia, familia hukaa kikao, hupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Msimamizi hulipa madeni kwanza ndipo agawe. Yeye si mmiliki wa mali, na kuitwa msimamizi hakumpi haki ya kula peke yake.

7. Mfano wa hesabu

Mfano huu ni wa kubuni. Mama mwenye umri wa miaka 66 ana duka la vyakula. Ana watoto wanne, na binti yake wa pili amefanya naye kazi kwa miaka minane. Hali ya duka ni hii:

Bidhaa dukani na stoo: sh. 14,000,000
Wadaiwa: sh. 3,500,000
Fedha taslimu na benki: sh. 1,500,000
Rafu, mizani na jokofu: sh. 1,000,000
Jumla ya mali: sh. 20,000,000
Toa wadai (wasambazaji): sh. 6,000,000
Mtaji halisi: sh. 14,000,000

Baada ya kulipa kodi, pango na mshahara wa binti, faida ni sh. 900,000 kwa mwezi.

Hali A: mama anafariki bila mpango. Watoto wanataka wagawane sawa, kila mmoja sh. 3,500,000. Ili kupata fedha taslimu, mzigo unauzwa kwa bei ya kutupa. Wadaiwa, wakisikia mwenyewe hayupo na daftari halieleweki, wanakana. Wasambazaji wanadai zote kwa siku moja. Mwishowe hata hiyo sh. 3,500,000 haipatikani, duka limefungwa, na binti amekosa kazi.

Hali B: mama anastaafu kwa mpango. Kikao cha familia kinakubali kwamba binti achukue duka pamoja na madeni yake. Fungu lake ni sh. 3,500,000, na mafungu ya ndugu watatu ni 3 × 3,500,000 = sh. 10,500,000. Binti atawalipa sh. 350,000 kwa mwezi. Muda wa kulipa ni 10,500,000 ÷ 350,000 = miezi 30, yaani miaka miwili na nusu. Mama atapewa sh. 250,000 kila mwezi ya matumizi. Kinachobaki ni 900,000 − 350,000 − 250,000 = sh. 300,000, nacho kitaongeza mtaji.

Linganisha hali hizi mbili. Familia ni ileile, duka ni lilelile na fedha ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba katika hali B waligawana thamani ya duka bila kulivunja duka. Hilo ndilo kiini cha mada nzima.

Usisahau pia kutaja hatari ya hali B. Faida ikishuka, kwa mfano duka jingine kubwa likifunguliwa jirani, binti anaweza kushindwa kulipa. Makubaliano mazuri hueleza nini kifanyike hapo, kama vile kupunguza malipo ya mwezi na kuongeza muda.

8. Mfano kutoka nje: Japani

Tatizo hili si la Afrika Mashariki pekee. Japani ina wazee wengi na watoto wachache. Serikali yake ilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2025, wamiliki wapatao 2,450,000 wa biashara ndogo na za kati wangekuwa wamevuka miaka 70, na takribani nusu yao, 1,270,000, walikuwa bado hawana mrithi. Biashara nyingi za namna hiyo zina faida na hufungwa kwa kukosa mtu wa kuzishika tu.

Nchi hiyohiyo ilikuwa na Kongo Gumi, kampuni ya familia ya ujenzi wa mahekalu iliyoanzishwa mwaka 578. Ilidumu kwa zaidi ya miaka 1,400, na mojawapo ya siri zake ilikuwa kutomng'ang'ania mtoto wa kwanza: hata mkwe mwenye uwezo aliweza kuchukua jina la familia na kuongoza. Mwaka 2006, ikiwa imeelemewa na madeni, shughuli zake zilichukuliwa na kampuni nyingine. Mafunzo hapa ni mawili: mrithi achaguliwe kwa uwezo, na mrithi bora haokoi biashara iliyozama katika madeni.

9. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

(a) Kuandika kuhusu wosia tu, kana kwamba wosia unafundisha kuendesha duka.
(b) Kusema kampuni na biashara ya mtu mmoja zina hatima sawa mwenye mali akifariki.
(c) Kugawa jumla ya mali bila kutoa madeni kwanza.
(d) Kutaja hoja bila maelezo. “Hofu” si hoja kamili. Eleza hofu ya nini, na inazuia nini.

10. Swali la mfano

“Biashara nyingi ndogo hufa pamoja na waanzilishi wake.” Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu, kisha pendekeza njia tatu za kuzuia hali hiyo.

Mwongozo wa kujibu: Utangulizi ueleze maana ya kurithisha biashara na utofautishe uongozi na umiliki. Katika kuthibitisha, tumia kukosa kumbukumbu, kutomwandaa mrithi, na biashara ya mtu mmoja kutotenganishwa na mwenyewe kisheria. Katika mapendekezo, oanisha kila njia na tatizo lake: daftari kwa kukosa kumbukumbu, kukabidhi madaraka hatua kwa hatua kwa kutomwandaa mrithi, na wosia au kubadili aina ya umiliki kwa tatizo la kisheria. Hitimisho lisirudie hoja zote; litoe msimamo wako.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kurithisha uongozi na kurithisha umiliki, kwa mfano mmoja.
2. Eleza kwa nini mfanyabiashara asiye na akiba ya uzeeni huchelewa kukabidhi biashara.
3. Fundi seremala ana mali ya sh. 9,600,000 na anadaiwa sh. 2,400,000. Ana watoto watatu, na mmoja atachukua karakana. (i) Mtaji halisi ni kiasi gani? (ii) Akiwalipa ndugu zake wawili mafungu yao kwa sh. 200,000 kwa mwezi, atamaliza kwa miezi mingapi?
4. Jadili faida mbili na hasara mbili za kumuuzia biashara mfanyakazi.
5. Zoezi la nyumbani: mwombe kwa heshima mzazi, mlezi au mfanyabiashara wa jirani akuoneshe anavyoandika mauzo na madeni. Usianze kwa kuuliza nani atarithi. Anza kwa kuomba umsaidie kuandika daftari. Kisha orodhesha mambo matano kuhusu biashara hiyo ambayo hayajaandikwa popote.

Majibu ya swali la 3: (i) sh. 7,200,000. (ii) Kila fungu ni sh. 2,400,000, mafungu mawili ni sh. 4,800,000, muda ni miezi 24.